Gesi Haijatulia

9 Februari

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umekupa nafasi kidogo, na ile mashine kubwa ya kufulia haijaanza tena kutembea yenyewe sakafuni. Mimi sijambo. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya tatu, mwenye nyumba bado anafunga maji akijisikia, na jirani wa juu bado anahamisha kabati lake kila Jumapili kama anatafuta kitu. Mama hajambo? Goti lake je? Mwambie nitamwandikia nikishatua mzigo nilio nao.

Mzigo wenyewe ni wa furaha. Unaijua taa ya tyubu ya dukani kwako, ile inayopepesa weee ndipo iwake? Ndani yake mna gesi, na gesi kwa kawaida haipitishi umeme. Lazima uisukume kwa volti nyingi mpaka ikubali. Kazi yangu humu maabara ni hiyo, kutafuta namna ya kuifanya ikubali upesi. Tuna mabomba mawili ya kioo, kila moja urefu wake kama mkono kuanzia kiwiko, yote yana nitrojeni kidogo ndani, hii hii tunayoivuta puani. Bomba la zamani lina ncha za chuma kitupu. Langu nimezipaka ncha zake dawa niliyoichanganya mwenyewe. Basi, Mama Mdogo, langu linawaka kwa volti chache kuliko lile. Chache mno! Profesa alipoona jedwali alivua koti akakaa chini. Makala imekwisha kutoka, na wanasema kuna tuzo ya watafiti vijana, nami nimo.

Bomba la zamani alilipima fundi wetu wa maabara, mzee mmoja mpole asiyefanya kitu mara mbili bila chai katikati. Anawasha, anasoma mshale wa mita, anazima, anakwenda zake dirishani na kikombe, anarudi. Langu nililipima mimi, na unanijua. Yeye akiwasha mara tatu, mimi nimekwisha washa mara arobaini. Anajisifu kwamba kwa umri wake anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na kweli nimemwona kwa macho yangu.

Nasubiri barua yako. Usiwaambie watu wengi.

Mwanao,
Chapuchapu


27 Februari

Chapuchapu wangu,

Marahaba, marahaba tena na tena! Mimi mzima, mgongo unauma lakini unauma kwa heshima. Mashine nimeifunga kamba kwenye nguzo. Binamu yako kang'olewa jino na kalia kuliko siku aliyozaliwa.

Unasema nisiwaambie watu wengi. Watu wengi ni wangapi? Picha yako nimeitundika juu ya kaunta, pale palipokuwa na tangazo la "nguo zisizochukuliwa mwezi mmoja hatuhusiki". Mwalimu mkuu alileta suruali mbili akaondoka na mhadhara. Nilimwonyesha ile tyubu inavyopepesa nikamwambia, "Mwanangu ndiye atakayeikomesha tabia hii." Akaniuliza kwa dawa gani, nikamwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Sasa nifafanulie, maana akirudi kuchukua suruali ataniuliza tena nami nitaumbuka.

Usinieleze kwa simu. Mashine zinanguruma, nasikia nusu, na nusu nyingine naitunga mwenyewe. Wewe andika.

Huyo mzee wenu wa macho makali nampa jina. Mwewe. Ana mke? Nauliza tu, kuuliza si ujinga. Mjane kama mimi naweza kumpata wa kunitungia uzi.

Dada, yaani mama yako, nilimsomea barua yote mwanzo mpaka mwisho. Alitabasamu akasema, "Mwambie ale." Unamjua dada, furaha yake huigawa kwa kijiko. Lakini nilimwona akiichukua bahasha kuangalia mwandiko wako.

Kula basi.

Mama yako Mdogo


2 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Pole kwa mgongo, na mpe pole binamu kwa jino lake. Mimi sijambo tu. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani na kila mtu hapa ana mkono wa kijani.

Kuna jambo limetokea, si kubwa sana. Maabara nyingine, mbali na hapa, wamesoma makala yetu wakatengeneza mabomba kama yetu, dawa ile ile, gesi ile ile. Wanasema hawaoni tofauti. Yote mawili yanawaka kwa volti zile zile. Walituandikia kwa adabu, lakini ni adabu ya kumwambia mtu zipu yake iko wazi.

Profesa aliitisha kikao. Kila mtu alikuwa anaangalia meza. Aliuliza nani alipima nini. Mimi nilisema ukweli tu: vipimo vya bomba la zamani alivichukua fundi. Sikuongeza neno. Mtu mwingine ndiye aliyesema kwamba labda mzee anausoma mshale juu ya pale ulipo, umri nao, na wengine wakaitikia. Kama bomba la zamani limesomwa volti nyingi kuliko haki yake, basi tofauti yote ilitoka hapo. Fundi mwenyewe hakubisha. Alisema, "Inawezekana."

Amepewa barua akae nyumbani mpaka kikao cha mwisho wa Juni. Kikithibitisha uzembe, mkataba wake hautaendelea. Nimemhurumia, lakini kazi ni kazi.

Tuzo imesimamishwa kwa sasa. Usijali.

Mama anasemaje? Hukuniambia kama ile dawa ya goti imemsaidia.

Mwanao,
Chapuchapu


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijalala vizuri tangu nipate barua yako, na nguo za watu zimeonja hasira yangu. Kola ya mwalimu mkuu nimeipiga pasi mpaka imesimama kama ubao.

Mwewe gani huyo? Huyo ni popo! Nimelifuta jina. Tangu leo ni Popo, na habari za mke nimeziondoa. Mtu haoni, halafu anajisifu kutunga uzi! Angesema tu, "Jamani macho yangu yamechoka," nani angemlaumu? Lakini hapana, mpaka amharibie mtoto wa watu jina lake. Mwalimu mkuu nimemweleza yote, na mama wa duka la viatu, na yule fundi wa mashine zangu za kufulia. Wote wanasema ulifanya vizuri kusema ukweli tu na kunyamaza. Wewe simama wima. Mwenye haki haangalii chini.

Biashara inakwenda. Pasi kubwa imeharibika mkono, nashika kwa kitambaa.

Goti la mama yako lina nafuu. Nasikia.

Mama yako Mdogo


20 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Simu zako niliziona. Nilikuwa na homa, sasa imepita.

Kwa nini umeandika "nasikia"? Nyumba ya mama na duka lako kuna barabara moja tu katikati.

Nataka kukuuliza kitu cha kazi yako. Ikitokea nguo ya mteja imeungua, na mteja akamlaumu msaidizi, na wewe unajua ni pasi yako, na msaidizi mwenyewe anadhani ni yeye. Unafanyaje? Nauliza tu.

Hapa mvua nyingi.

Mwanao


28 Mei

Wewe mtoto,

Marahaba. Na hiyo ndiyo salamu yote utakayoipata leo.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Mimi sina msaidizi. Wewe unajua sina msaidizi tangu yule aliyeolewa. Nguo ya nani imeungua?

Umeuliza habari za "nasikia", haya. Mwezi wa nne nilikwenda kwa dada na barua yako mkononi, nikamsomea jinsi Popo alivyokuponza. Nilisoma kwa sauti, na madoido niliongeza kidogo, unanijua. Dada alikuwa anakunja shuka. Nilipofika pale ulipoandika "mimi nilisema ukweli tu" akaacha kukunja. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Huyo nimemzaa na kumlea mimi. Akisema amesema ukweli tu, kuna kitu amekiacha. Muulize bomba lake yeye alilipimaje."

Mwanangu, damu ilinipanda. Nilimwambia maneno ambayo hata kwenye karatasi yananikwama. Nilimwambia ana wivu na mtoto wake wa kumzaa. Nilimwambia mimi ndiye niliyekununulia viatu vya shule wakati yeye anahesabu makosa yako. Yeye alimaliza shuka, akanifungulia mlango. Mpaka leo nikimwona upande wa pili wa barabara najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Siku ile ile jioni nilirudi kumwomba radhi, na kabla hata sijakaa akasema "karibu" kwa sauti ambayo sikuipenda, tukalipuka upya, vibaya kuliko mwanzo.

Dada yangu na mimi tulikuwa hatujawahi kukosana siku mbili. Sasa ni wiki ya saba, na ni kwa ajili ya barua yako. Kwa hiyo usiniulize habari za pasi. Nijibu alichouliza mama yako. Bomba lako ulilipimaje?

Mama Mdogo


7 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sina habari za mwenye nyumba wala za mvua.

Nililipima chapuchapu.

Nitakueleza kama nilivyopaswa kukueleza Februari, ila Februari nilikuwa sijui, hilo naomba uliamini. Ndani ya bomba kuna elektroni chache huru, chembe ndogo mno za umeme. Ukipandisha volti zinaanza kukimbia na kugonga molekuli za gesi. Molekuli iliyotulia ikigongwa inachukua nguvu ya ile elektroni, inabaki nayo, na elektroni inatoka imechoka. Ndiyo maana gesi iliyotulia ni kaidi, lazima uiongezee volti mpaka elektroni zipate kasi ya kung'oa elektroni nyingine kwenye molekuli. Hapo ndipo inawaka, rangi ya waridi, nzuri sana.

Ukizima, mwanga unakatika mara moja. Unadhani yamekwisha, kumbe hayajaisha. Baadhi ya molekuli zimebaki zimesisimka, zimekalia nguvu zilizochukua, na hazitoi mwanga wa kukuonya. Bomba ukiligusa ni baridi. Sasa uwashe tena hapo hapo. Elektroni ikiigonga molekuli ya namna hiyo hainyang'anywi. Mara nyingine inarudishiwa, inatoka na kasi kuliko iliyoingia nayo. Na molekuli yenyewe imebakiza kidogo tu kung'olewa elektroni yake. Hata zikigongana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kutoa elektroni mpya. Kwa hiyo mara ya pili gesi inakubali kwa volti chache. Ya tatu vivyo hivyo. Si joto, lakini wewe utanielewa nikisema pasi: uliyoizima jana haiunguzi, uliyoizima sasa hivi inaunguza, na kwa kuitazama zote zinafanana.

Fundi alikuwa anangoja. Chai yake, dirisha lake. Kila alipowasha, gesi yake ilikuwa imetulia. Mimi niliwasha mfululizo, tena, tena, tena. Dawa yangu haikufanya kitu, Mama Mdogo. Tulikuwa tunapima kungoja kwake na haraka yangu.

Na kuna hili, ambalo nikiliwaza natamani ardhi inimeze. Kila asubuhi kuwasha kwa kwanza kulikuwa kunatoa volti nyingi, sawa kabisa na za fundi. Namba hizo nilikuwa siziandiki. Nilijiambia bomba linahitaji kuamshwa. Kipimo kimoja cha kweli nilichokuwa nakipata kila siku, ndicho nilichokuwa nakitupa.

Nililigundua wiki mbili baada ya kikao kile cha kwanza. Mlinzi alikuja kuulizia funguo, tukapiga soga ndefu mlangoni, niliporudi nikawasha na bomba langu likagoma mpaka juu. Nikajaribu tena papo hapo, likashuka. Nikalichukua bomba la fundi, nikaliwasha mfululizo kama ninavyofanya mimi. Nalo likashuka. Nikazima kila kitu, nikafunika mabomba kwa kitambaa, nikaenda nyumbani. Sikumwambia mtu. Tangu hapo najiambia kesho. Barua yako ya Popo ilinifikia siku iliyofuata, na nilijificha ndani yake. Ulikuwa umekwisha mhukumu, nikaona mbona watu wote wamekubali.

Nikisema, tuzo imekwenda, makala imekwenda, na picha uliyoitundika juu ya kaunta itabidi uitungue. Nisiposema, mzee anaondoka na macho yake yamesingiziwa. Najua lipi ni sahihi. Usidhani sijui. Ila kila nikifika kwenye mlango wa Profesa miguu inageuka yenyewe.

Mwambie mama alikuwa na haki. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Sijui.

Mwanao


13 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma. Ile methali ya haraka sitakuandikia, unaijua.

Mimi nami uso sina pa kuuweka. Nilimwita Popo mbele ya wateja, nikacheka, nao wakacheka. Mwalimu mkuu jana kaniuliza, "Yule kipofu wenu amefukuzwa?" Nikasema leo mashine zina kelele, njoo kesho. Picha yako sijaitoa. Nimeigeuza tu, naona ubao wa nyuma. Si kwa hasira, ni kwamba nikikutazama unanitazama.

Nilikwenda kwa dada. Safari hii nilizunguka mtaa mzima kwanza, nikapita dukani kwa viatu, nikaangalia viatu nisivyovitaka, mpaka nikahisi kifua kimeshuka. Nikabisha. Alifungua. Maneno yote niliyoyapanga yakanikimbia, mdomo wangu huu, unaojulikana mtaa mzima! Nikaingia moja kwa moja dirishani nikaanza kushusha mapazia. Nikasema, "Haya yanataka kufuliwa." Dada akasema, "Yalifuliwa juzi." Nikayachukua hivyo hivyo. Nikiwa mlangoni akaniambia, "Lile la jikoni umeliacha." Nikarudi nikalichukua.

Sikumwambia habari zako. Nilimwona anajua.

Kikao ni tarehe ngapi? Usinijibu mengine. Niandikie tarehe tu, halafu nenda.

Mama yako Mdogo


2 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Kadi yenye tarehe najua ilikufikia, maana mama alinipigia simu asubuhi ile ile ya kikao. Hakusema chochote cha maana. Aliuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akasema mapazia yake sasa yananukia kama duka lako. Kisha akasema, "Haya, nenda." Kumbe mmepanga wote wawili.

Kikao kilikuwa kwenye chumba kile kile chenye meza ndefu iliyobanduka ukingo. Profesa, mkuu wa idara, karani wa kuandika, watafiti wenzangu wawili, na fundi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, ungelisifu. Na alikuwa amevaa miwani. Mipya, fremu nyeusi, pembeni ya kioo kimoja kibandiko cha dukani hakijabanduliwa.

Nilisimama kabla hawajamuuliza lolote. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikaona yanaanza na "kulikuwa na mkanganyiko wa taratibu", nikaikunja nikaitia mfukoni. Nikasema vipimo vya fundi havina kosa, kosa ni langu, nikawaomba waje maabara, ni mlango wa nne tu kutoka pale. Wakaja. Nikawasha bomba langu, lililokuwa limelala tangu jana yake. Mshale ukapanda mpaka juu ndipo likawaka. Nikazima nikawasha papo hapo, likawaka mapema, chini kabisa. Nikasema, "Sasa tungojeni." Tukangoja. Mkuu wa idara alikuwa anazungusha pete kidoleni. Nikawasha tena, na mshale ukarudi pale pale pa kwanza. Bomba la fundi nalo nikalifanyia hivyo hivyo, likatenda vivyo hivyo.

Profesa aliielewa kabla sijaieleza. Niliona uso wake unaanguka, na niliona pia anaanza kutafuta njia ya kunisaidia. Akasema, "Basi ni jambo ambalo hakuna aliyelijua wakati ule." Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kupita hapo. Nikasema, "Mimi nimelijua tangu Aprili."

Makala inaondolewa, na barua ya kuiondoa naiandika mimi, kwa jina langu. Tuzo imekwenda. Naanza upya kwa uangalizi, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wenzangu wakinipita koridoni wananisalimia haraka. Hayo yote niliyategemea.

Ambalo sikulitegemea ni fundi. Wengine walipokuwa wanatoka alibaki amesimama karibu na bomba. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, "Kwa hiyo nilikuwa nasoma sawasawa?"

Nikasema, "Ulikuwa unasoma sawasawa."

Akaigusa ile miwani. Akasema, "Nilibishana na daktari wa macho. Aliniambia, mzee, macho yako mazima, nenda nyumbani. Nikamwambia haiwezekani, binti yetu wa maabara hawezi kukosea kiasi hicho. Nikakataa kutoka mpaka aniandikie hata hii nyepesi." Kisha akasema, "Na sindano nyumbani nimeiacha. Mke wangu ndiye anayetunga uzi siku hizi."

Basi umejua, anaye mke. Kwa miezi mitatu mzee yule hakuyaamini macho yake mwenyewe kwa sababu aliniamini mimi. Nilidhani aibu ninaijua. Nilikuwa siijui.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Nimesikia." Hakuongeza, nami sikumdai zaidi. Sitawasha mara ya pili kabla hajatulia.

Ile picha iache imegeuka. Ila kwa mwalimu mkuu, na mama wa viatu, na yule fundi wa mashine, nakuomba umrudishie mzee jina la Mwewe, kwa sauti ile ile uliyomwitia Popo.

Amerudi kazini Jumatatu. Tunapima upya mabomba yote mawili. Yeye anasoma, mimi naandika, kila kuwasha, hata kwa kwanza, na katikati tunangoja, yeye dirishani na kikombe chake, mimi kwenye stuli na mikono mapajani. Miwani bado anaivaa. Anasema ameshaizoea na mkewe anaipenda. Lakini kila tukifika kwenye kusoma anaivua kwanza, anaiweka mezani karibu na mkono wangu, ndipo anainama kuutazama mshale. Mimi hapo huangalia sakafu mpaka aniambie namba.

Msalimie mama. Mwambie ninakula.

Mwanao